Hadithi Ina Mafiga Matatu: Kuwafundisha Watoto Wadogo Msuko wa Hadithi na Mazungumzo ya Wahusika

(Hotuba ya Mratibu wa Miradi wa Dayosisi kwa kamati za sharika na walimu wa watoto wadogo, katika semina iliyofanyika Kirando, Wilaya ya Nkasi, Mkoa wa Rukwa)



Tunawashukuru sana kwa kuacha shughuli zenu na kuja kukaa nasi. Wengine mmeteremka kutoka Namanyere na vijiji vya juu, wengine mmekuja kwa mitumbwi. Tunawaona pia akina baba wavuvi wa dagaa, ambao siku za giza tusingewapata. Mbalamwezi ikiwaka taa haivuti dagaa, kwa hiyo wavuvi hubaki nyumbani. Jambo hilo tutalirudia, kwa sababu lina faida kwa watoto.

Mada tuliyopewa ni namna ya kuwafundisha watoto wadogo msuko wa hadithi na mazungumzo ya wahusika. Baadhi ya wajumbe wametuuliza kama hayo si masomo ya sekondari. Wengine wameuliza kwa nini mradi utumie muda kwa hadithi wakati madawati hayatoshi. Ni maswali ya haki, na tutajitahidi kuyajibu.

KUSOMA NI NINI?

Mwaka 2010 tathmini ya Uwezo ilipita nyumba kwa nyumba katika wilaya nyingi za Tanzania, ikiwapima watoto kusoma. Kipimo kilianza na silabi, kikafuata maneno, kisha aya fupi, na mwisho hadithi. Katika watoto 10 wa darasa la tatu, takriban 3 tu ndio walioweza kusoma hadithi ya Kiswahili ya kiwango cha darasa la pili. Tangu wakati huo mengi yamefanyika. Mwaka 2015 Serikali ilianzisha mtaala wa darasa la kwanza na la pili unaokazia Kusoma, Kuandika na Kuhesabu, yaani KKK. Mwaka 2016 ada na michango ya lazima iliondolewa, na watoto wengi wakaingia madarasani. Tunamshukuru Mungu kwa hayo yote. Lakini darasa lililojaa humpa mwalimu nafasi ndogo ya kumsikiliza mtoto mmoja mmoja.

Kiswahili kinamrahisishia mtoto kuanza kusoma. Hutamkwa kama kilivyoandikwa, kwa hiyo mtoto akishajua silabi zake anaweza kutamka ukurasa mzima. Hapo hapo pana mtego. Mtoto husoma vizuri kabisa, "ki-ma a-ka-ru-ka m-ti-ni", sisi tukampigia makofi. Tukimuuliza, "Nani aliruka? Aliruka kwa sababu gani?" anatutazama tu. Ametamka maneno, lakini hadithi haijamfikia. Mtoto wa namna hiyo hupita darasa la kwanza na la pili bila mtu kugundua shida yake. Huja kukwama darasa la tatu au la nne, anapotakiwa kusoma sayansi na jiografia ili apate maarifa.

Dawa ya shida hii huanza kabla mtoto hajashika kitabu. Mtoto aliyezoea kufuatilia hadithi kwa masikio, akajua nani anasema, anataka nini na jambo gani limebadilika, atayatafuta hayo hayo atakapofungua kitabu. Hili ndilo tunalotaka mwondoke nalo leo.

MAFIGA MATATU

Tuchukue hadithi ambayo wengi mnaijua, ya Kima na Papa. Ni hadithi ya siku nyingi. Asili yake inafuatwa hadi India, na Askofu Edward Steere aliichapisha kwa Kiswahili mwaka 1870 katika mkusanyo wake wa hadithi za Unguja.

Kima alikaa juu ya mkuyu ulioinamia maji, akawa anamtupia rafiki yake Papa matunda. Siku moja Papa akamwalika kwao, akambeba mgongoni. Walipofika katikati ya maji, Papa akatoboa siri: sultani wao ni mgonjwa, na dawa yake ni moyo wa kima. Kima akamlaumu kwa kutomwambia mapema, kwani makima wanapotembea huiacha mioyo yao mitini, na wake ameuacha nyumbani. Papa akageuka wakaufuate. Kima alipofika mkuyuni akaruka juu, na hakushuka tena.

Katika ziwa letu hakuna papa, basi watoto wa hapa humweka mamba mahali pake. Hakuna ubaya. Hadithi ni ile ile.

Tunawaomba walimu waweke mawe matatu sakafuni, kama mafiga ya jikoni. Kila mtoto anajua kwamba chungu hakikai juu ya mafiga mawili. Figa la kwanza ni wahusika na mahali: nani wapo, wako wapi, wanaishije kabla mambo hayajaharibika. Figa la pili ni shida: nini kimetokea, na nani yuko hatarini. Figa la tatu ni mwisho: shida imekwishaje, na nini kimebadilika. Mtoto anasimama penye figa la kwanza anasimulia sehemu hiyo, anahamia la pili, kisha la tatu. Mwili wake unamkumbusha hadithi imefika wapi.

Figa linalosahauliwa sana ni la tatu. Watoto humaliza kwa kusema, "Kima akaruka, basi." Mwalimu aulize swali moja zaidi: "Je, kesho Kima atamtupia Papa matunda?" Darasa zima hupiga kelele, "Hapana!" Hapo wamegundua kilichobadilika. Mwanzoni walikuwa marafiki, sasa urafiki umekufa.

Kazi hii ipangwe kwa umri. Watoto wa miaka minne na mitano wapewe picha tatu wazipange. Wa darasa la kwanza wasimulie kwa mdomo penye mafiga. Wa darasa la pili waandike sentensi tatu, moja kwa kila figa. Hakuna haja ya kuwatajia neno "msuko". Waujue kwanza kwa kuufanya, jina lake watalikuta mbele.

"HALAFU" NA "KWA SABABU"

Mtoto wa miaka mitano husimulia hivi: "Kima akapanda, halafu wakaenda, halafu Papa akasema, halafu wakarudi." Asikemewe. Amefanya jambo kubwa, kwa sababu ameyaweka matukio katika mpangilio. Lugha yetu inamsaidia kwa ile "-ka-" ya akapanda, wakaenda, akasema, inayoyapanga matukio kama shanga kwenye uzi.

Ila shanga hizo bado hazijasema tukio moja limelizaaje lingine. Mwalimu aulize, "Kwa nini Papa alirudi?" Mtoto atajibu, "Kwa sababu Kima alisema moyo ameuacha mtini." Jibu hilo limefunga tukio na tukio, na huo ndio msuko. Mama anayesuka ukili anajua kwamba kila jani hukamatwa na jani jingine, vinginevyo mkeka unafumuka.

Upo mchezo mzuri wa kupima jambo hili. Mwalimu asimulie tena hadithi akiacha kitu kimoja. Mara ya kwanza amwache ndege aliyepita juu ya maji, kisha aulize kama hadithi imeharibika. Haikuharibika. Mara ya pili aache maneno ya Kima kuhusu moyo wake. Watoto watamkatiza wenyewe, "Sasa Papa anarudi kwa nini?" Mtoto anayekatiza hivyo ameelewa hadithi kuliko yule anayeweza kuikariri yote bila kituo.

WAHUSIKA WANAPOSEMEZANA

Angalieni kwamba katika hadithi hii hakuna rungu wala mshale. Papa alimnasa Kima kwa maneno, na Kima akajiokoa kwa maneno. Kwa hiyo mazungumzo ya wahusika ni kazi yenyewe inayosukuma hadithi mbele, na mtoto asiyeyafuata hawezi kujua kwa nini Kima yu hai.

Kwa kila mhusika anaposema, tunawazoeza watoto maswali matatu: Anasema nani? Anamwambia nani? Anataka nini? Swali la tatu ndilo zito. Papa anasema twende ukapaone kwetu, lakini anataka moyo. Kima anasema turudi tukauchukue, lakini anataka kuupanda mti wake. Mtoto anayeona kwamba mtu anaweza kusema hili huku akitaka lile amevuka hatua kubwa katika kuelewa hadithi, na katika kuwaelewa watu pia.

Vifaa havina gharama. Mkoa wetu unalima mahindi, basi magunzi hayakosekani. Mtoto achukue magunzi mawili, moja alifunge kitambaa, hao ni wahusika wawili. Kanuni ni moja: anayesema ndiye anayetikisika, mwenzake anatulia asikilize. Watoto watakapofika darasa la pili, mwalimu awaonyeshe kwamba kwenye kitabu hakuna gunzi la kutikisa, kwa hiyo mwandishi anatumia alama za kufungua na kufunga semi. Alama hizo zinatuambia, "Sasa mhusika mwenyewe anasema." Mtoto aliyecheza na magunzi hazisahau.

Vilevile watoto wazoezwe kusoma maneno ya mhusika kwa sauti yake. Mara nyingi husoma "Usiniache!" kama wanavyosoma "Leo ni Jumatatu." Tuwafundishe maneno yanayotaja namna ya kusema: akauliza, akajibu, akanong'ona, akafoka, akasihi, akalalamika. Mwalimu aseme, "Papa akanong'ona," mtoto anong'one. Aseme, "Papa akafoka," mtoto afoke. Wataona maneno yale yale yanageuka maana.

Si lazima kuanza na wanyama. Watoto wetu wanajua tangu wadogo kwamba bibi hasemeshwi kama mtoto mwenzako. Tuanze hapo. Haya ni mazungumzo mafupi tunayoyatumia:

– Shikamoo, bibi.

– Marahaba, mjukuu wangu. Mbona umechelewa?

– Nilikuwa naanua dagaa, bibi. Mvua ilitukuta ufukweni.

– Pole. Mvua yote hiyo, na shati lako kavu?

Ni mistari minne tu. Waulizeni watoto: Bibi amegundua nini? Amejuaje? Mtoto alikuwa wapi kweli? Sasa atajibu nini? Bibi hakumwita mjukuu wake mwongo. Amesema pole, kisha akauliza habari ya shati, na watoto wote wanamwelewa. Wape nafasi waendeleze wenyewe, wawili wawili. Mmoja atamfanya mjukuu akiri, mwingine atatunga kisingizio kipya, na kila jibu litaipeleka hadithi upande wake. Hapo watoto wanaona kwamba mazungumzo na msuko vinakwenda pamoja.

HADITHI ZILIZOMO MIKONONI MWETU

Tusidhani kwamba hadithi nzuri lazima zitoke mbali. Ufipa ina hazina kubwa. Mwanaanthropolojia Roy Willis kutoka Uingereza aliishi na kusikiliza wasimulizi wa Ufipa mwanzoni mwa miaka ya 1960, na mwaka 1978 kikachapishwa kitabu chake kuhusu sanaa ya masimulizi ya Wafipa. Kitabu ni cha Kiingereza, watoto wetu hawawezi kukisoma. Wasimulizi tunao bado, lakini wanazeeka.

Chukueni masimulizi ya Milansi, yanayojulikana na wazee wengi wa Ufipa. Wanawake watatu wageni walifika Milansi mfalme akiwa hayupo. Waliomba kiti, wakapewa kiti cha mfalme mwenyewe. Aliporudi alikuta utawala umekwisha kwenda kwa wageni, na Milansi ikabaki na heshima ya mambo ya ibada za jadi. Wasimulizi hutofautiana katika mengi, lakini mafiga matatu yanaonekana wazi. Na shida yote imejengwa juu ya mazungumzo ya mlangoni: wageni waliomba vipi hata wakapewa kiti kisichokaliwa na mgeni? Darasa la pili wanaweza kutunga mazungumzo hayo. Watajifunza hadithi, na watajifunza historia ya kwao.

Kuhusu lugha, hapa Kirando Kiswahili ni cha soko na bandari, watoto wengi wanakijua. Wale wa vijiji vya juu huja wakiwa na Kifipa cha nyumbani. Mzee akisimulia kwa Kifipa, mtoto ajibu kwa Kifipa, kisha mwalimu na watoto waisimulie tena kwa Kiswahili. Hadithi aliyokwisha kuielewa humsaidia mtoto kupata maneno mapya kwa haraka.

MASWALI YA WAZEE WETU

Swali la kwanza: "Kima ni mwongo. Je, hatuwafundishi watoto uongo?" Tunashauri swali hilo waulizwe watoto wenyewe. Kawaida yetu ni kumaliza kila hadithi kwa "Hadithi hii inatufundisha nini?" na kusubiri jibu moja ambalo mwalimu tayari analo. Afadhali tuulize, "Kima angeweza kufanya nini kingine?" na "Papa alikuwa na njia gani ya kumsaidia sultani bila kumwua rafiki?" Watoto watabishana, na katika kubishana huko ndiko wanakopima mema na mabaya.

Swali la pili: "Je, kanisa linahusikaje na hadithi za wanyama?" Mwaka 1530, akiwa katika ngome ya Coburg, Martin Luther mwenyewe alishika kazi ya kuzitia hekaya za Aesop katika Kijerumani, akiziona zina manufaa kwa watoto na watu wa nyumbani. Na walimu wa Shule ya Jumapili waangalie mfano wa mwana mpotevu katika Luka 15. Kijana alipanga maneno ya kumwambia baba yake, likiwemo ombi la kufanywa kama mtumishi. Alipofika akaanza kusema, lakini kabla hajalifikia ombi hilo baba akawa ameshawaita watumishi walete vazi. Mtoto anayejua kusikiliza mazungumzo ataona ni maneno gani hayakupata nafasi ya kusemwa, naye ataielewa neema kwa urahisi.

Swali la tatu: "Mtoto mwenye adabu hukaa kimya mbele ya wakubwa. Mbona mnawafundisha kusema?" Hapa tunaomba tusikilizane vizuri, kwani jambo hili linagusa usalama wa watoto. Mtoto aliyetendewa ubaya huulizwa: Nini kilitokea? Kilianza vipi? Nani alikuwepo? Alikuambia nini, na wewe ulimjibuje? Ni maswali yale yale ya mafiga matatu na ya magunzi. Mtoto ambaye hajawahi kupewa nafasi ya kusimulia jambo kwa mpangilio hushindwa kujieleza, wakubwa wakamwona anabahatisha, na habari ikafia hapo. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inampa mtoto haki ya kutoa maoni, na inamtaka mwanajamii yeyote mwenye taarifa kwamba haki za mtoto zinavunjwa aifikishe kwa serikali ya mtaa wake. Adabu ibaki, shikamoo ibaki. Lakini mtoto awe na maneno, na mkubwa awe na masikio.

TUNACHOPENDEKEZA

Kwa kamati za sharika na kwa wafadhili wetu tunapendekeza mambo matano:

1. Kila usharika na kila mtaa utenge saa moja ya hadithi kwa wiki kwa watoto wa miaka minne hadi minane. Kwa mwambao huu, zile wiki za mbalamwezi zitumike kuwaalika akina baba, maana ndipo wapo nyumbani. Mtoto akimsikia baba yake anasimulia, ataona hadithi ni jambo la heshima.

2. Kamati iandike orodha ya wazee wasimulizi, akina bibi na akina babu, iwaombe waje kwa zamu. Nauli na chai vipangwe katika bajeti.

3. Kila kituo kiwe na sanduku la bati la vitabu vya hadithi vya Kiswahili, ili panya na mchwa wasivifikie. Vichaguliwe vitabu ambavyo wahusika wanasemezana. Nchini kwetu vipo, ikiwemo kazi ya Mradi wa Vitabu vya Watoto Tanzania ulioanza mwaka 1991. Sanduku lisifungwe kwa kufuli mwaka mzima kwa kuogopa vitachakaa. Kitabu kilichochakaa mikononi mwa watoto kimefanya kazi yake.

4. Walimu wa watoto wapewe semina ya siku mbili ya vitendo, kisha watembelewe vituoni. Semina bila kutembelewa husahaulika upesi.

5. Kila muhula kila mtoto asikilizwe peke yake akisimulia hadithi moja. Mwalimu aandike mambo matatu tu: kama mafiga yote matatu yapo, kama mtoto anajua nani alimwambia nani, na kama anaweza kusema kwa nini. Taarifa zinazokwenda kwa wafadhili zieleze hayo, pamoja na idadi ya waliohudhuria.

Kwa wageni wetu wafadhili tunasema kwa unyenyekevu: jengo huonekana kwenye picha, lakini kuelewa kwa mtoto hakupigwi picha. Madawati tunayahitaji, na tutaendelea kuyaomba. Lakini tunaomba sehemu ya msaada iende kwa mwalimu na kwa sanduku la vitabu, hata kama hakutakuwa na utepe wa kukata.

Kwa wajumbe wa kamati, hatuwaombi mrudi nyumbani na azimio refu. Tunaomba kabla ya kikao chenu kijacho, kila mjumbe amkalishe mtoto mmoja nyumbani kwake, amsimulie hadithi moja, kisha amwambie, "Sasa nisimulie wewe." Msikilizeni hadi mwisho bila kumkatiza. Kikaoni kila mmoja aeleze figa lipi lilikosekana. Mkishajua hilo, mtakuwa mmejua kazi ya mwalimu wenu ianzie wapi, na sisi tutakuja kuifanya pamoja nanyi.